Ndege Imejaa, Ruti Inakatishwa

Februari 2019 ulikuwa mwezi mbaya kwa yeyote aliyekuwa Birmingham, Uingereza, akitaka kwenda Amritsar, mji wa jimbo la Punjab nchini India. Tarehe 4, EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, ulisimamisha kibali cha shirika la ndege la Turkmenistan. Familia zilizokuwa zimekata tiketi za kwenda Punjab kupitia Ashgabat zikabaki na masanduku yaliyofungwa na ndege hakuna. Tarehe 27 ya mwezi huohuo Pakistan ikafunga anga yake, siku moja baada ya ndege za kivita za India kushambulia Balakot, ndani ya Pakistan. Machi ilipofika katikati, Air India nayo ilikuwa imesitisha safari yake ya moja kwa moja kati ya Birmingham na Amritsar, safari iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu ianze. Njia mbili zilikatika ndani ya majuma machache, ile ya bei nafuu na ile ya haraka, na hakuna hata moja iliyokatika kwa kukosa abiria.

Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kila ruti ya India inapofutwa au kupunguzwa katika viwanja vya mikoani Uingereza, mjadala huenda palepale. Zinaletwa takwimu za idadi ya watu, zinakusanywa saini, mbunge anasimama kueleza kwamba abiria wapo, na wanaosikiliza wanatikisa vichwa kukubali. Ni kweli wapo, na wamekuwapo kwa miaka sitini. Tatizo la uwanja kama Birmingham ni kwamba kuuhama hakumgharimu mtu chochote. Shirika likibanwa na lolote, iwe anga kufungwa au ndege kuwa pungufu, mkono wake unaanzia kukata pale ambapo kukata hakuumi.

Kuhusu abiria hakuna ubishi. Sensa ya 2021 ilihesabu Wasikh wapatao 524,000 katika England na Wales, na zaidi ya 170,000 kati yao wanaishi West Midlands, eneo ambalo Birmingham imo, wengi kuliko eneo jingine lolote la nchi ile. Wolverhampton, watu 12 katika kila 100 ni Wasikh, na Sandwell haiko nyuma sana. Kusogea mashariki kidogo kuna Leicester, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi wana asili ya India, wengi wao Wagujarati ambao uwanja wa nyumbani kwao ni Ahmedabad.

Sehemu ya watu hawa ni majirani zetu wa zamani. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, wengi wakitoka Punjab na kupandia meli Karachi. Mikataba ilipokwisha walio wengi walirudi kwao. Elfu kadhaa wakabaki, na baada yao wakaja mafundi seremala, wahunzi, makarani na wenye maduka. Kenya ilipobana leseni za biashara na vibali vya kazi mwaka 1967, kisha Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972, Makalasinga wa Nairobi na Kampala na Wagujarati wa Jinja wakajikuta wanaanza upya Birmingham, Leicester na vitongoji vya London. Hadi leo, kwenye foleni ya ndege ya Punjab, usishangae kumsikia mzee akimfokea mjukuu kwa Kipunjabi na kumalizia na "haya, twende" ya Kiswahili safi.

Foleni hiyo inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana ndani yake ndimo ilimo hesabu yote ya ruti hii. Familia ni ya watu watano au sita, vizazi vitatu. Masanduku yamefungwa kamba na kuandikwa majina kwa kalamu nzito. Mbele ya mzani mama anapiga goti, anafungua sanduku moja, anahamisha blanketi na pakiti za chokoleti kwenda sanduku la mtoto ili kilo zilingane. Tiketi zao ni za daraja la kawaida na zilinunuliwa miezi mingi kabla, baada ya kuulizia kwa mawakala watatu. Wanasafiri likizo za shule zinapofunguliwa, au Desemba na Januari msimu wa harusi, au Aprili kwa Vaisakhi, sikukuu ya Wasikh. Mwaka ujao watarudi, na mwaka utakaofuata pia.

Kwa mtu wa takwimu huyu ni abiria wa ndoto, kwa sababu hakomi. Kwa mtu wa mapato katika shirika la ndege ni abiria wa wastani. Anajaza viti vya nyuma kwa nauli aliyoipigania, anatumia uzito wote wa mizigo anaoruhusiwa, na anakuja kwa mafuriko kisha anatoweka. Katikati ya Februari ndege hiyohiyo inamhitaji na yeye yuko kazini.

Air India, kwa miaka mingi, imekuwa ikileta Birmingham ndege yake ya Boeing 787-8, ile Dreamliner ndogo. Katika mpangilio wake wa zamani ina viti 256: 18 vya daraja la biashara na 238 vya kawaida. Jaza hivyo 238 vyote. Umejaza upande wa ndege ambao faida yake kwa kila kiti ni nyembamba, na hivyo 18 vya mbele, ambavyo ndivyo hulipa mafuta ya safari ndefu, bado unavitafutia wenyewe. Mtendaji wa kampuni hapandi ndege inayoruka mara tatu kwa wiki. Anataka kuondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi, na ruti ya siku tatu kwa wiki mara nyingi haimpi yote mawili. Kwa hiyo anapanda gari kwenda Heathrow, uwanja mkuu wa London, umbali wa kilomita kama 160, au anapitia Dubai. Viti vya mbele vya Birmingham vinabaki kwa wazee wanaopandishwa daraja na watoto wao mara moja katika maisha, jambo la heshima kubwa, ila haliendeshi shirika.

Kuna watu watakaosema mkosaji ni kodi. Ushuru wa abiria wa anga wa Uingereza kwa safari ya India ulikuwa pauni 90 kwa kila mtu mzima wa daraja la kawaida katika mwaka wa fedha wa 2025/26, na kuanzia Aprili 2026 ukapanda kuwa pauni 102. Ni mzigo, sikatai. Lakini mzigo huo ni uleule ukiruka kutoka Heathrow, Manchester au Birmingham, na tiketi moja ya kupitia Doha inautoza vilevile. Hauwezi kueleza kwa nini Birmingham ikatwe na Heathrow ibaki.

Kinachoeleza ni muda wa ndege. Kutoka Amritsar hadi Birmingham ni takriban kilomita 6,400. Safari ya kwenda magharibi, ndege ikipigana na upepo, na ya kurudi mashariki, pamoja na saa za kushusha, kusafisha na kujaza mafuta, zinakula karibu saa 20 za 787 moja na timu zake za marubani na wahudumu. Ndege hiyohiyo, kwa saa karibu zilezile, ingeweza kwenda Delhi na Heathrow. Huko mbele wangekaa mawakili, watu wa benki na wahandisi ambao tiketi zao zimelipwa na mwajiri, na nyuma wangekaa wanaounganisha kwenda miji mingine ishirini ya India. Birmingham inaweza kuwa inaleta faida, na bado ikakatwa, kwa sababu inashindanishwa na faida ambayo ndege ileile ingeipata kwingine.

Na Heathrow kuna jambo la ziada ambalo wapiga kampeni hawaligusi. Uwanja ule una ukomo wa safari 480,000 kwa mwaka, na nafasi za kutua na kuruka zimejaa tangu zamani. Shirika lenye nafasi pale linapaswa kuitumia kwa angalau asilimia 80 ya msimu, la sivyo linaipoteza. Nafasi hizo zina bei. Mwaka 2016 Oman Air iliripotiwa kulipa dola milioni 75 kwa jozi moja tu, yaani nafasi ya kutua na ya kuruka, na aliyeuza, wasomaji wa Kenya watakumbuka kwa uchungu, ni Kenya Airways. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa ratiba aliyeamka na ndege mbili pungufu. Akiacha safari ya Heathrow anahatarisha mali ya mamilioni. Akiacha ya Birmingham anaandika barua ya kuomba radhi, na akitaka kurudi miaka mitatu baadaye, uwanja utampokea kwa keki na maji ya kumwagia ndege. Ni daladala inayokatisha ruti: dereva hashushi watu kwa sababu gari ni tupu, anawashusha kwa sababu upande ule mwingine kuna nauli nzuri zaidi na askari hayupo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote tuliupata kiangazi cha 2025, katika mazingira ambayo hakuna aliyeyataka. Juni 12 ndege ya Air India, 787-8 iliyokuwa ikitoka Ahmedabad kwenda Gatwick, uwanja mwingine wa London, ilianguka sekunde chache baada ya kuruka. Kati ya watu 242 waliokuwamo alinusurika mmoja, na wengine 19 walikufa chini. Ukaguzi wa ziada ukaanza, ndege zikapungua, na shirika likatangaza kupunguza safari zake za kimataifa za ndege pana, zenye njia mbili ndani, kwa asilimia 15. Orodha ya kilichopunguzwa inafaa kusomwa polepole. Delhi–Heathrow ilitoka safari 24 kwa wiki hadi 22. Delhi–Birmingham ilitoka 3 hadi 2. Amritsar–Gatwick ikasimamishwa kabisa, na Goa–Gatwick vilevile. Safari ya Ahmedabad iliporudi, ilirudi ikielekea Heathrow.

Kwa hesabu ya kawaida, katika safari za Delhi, Heathrow imepoteza mbili na Birmingham moja, kwa hiyo mtu anaweza kudhani Heathrow ndiyo iliyoumia zaidi. Ukigeuza kuwa sehemu ya kilichokuwapo, Heathrow imepoteza chini ya moja ya kumi na Birmingham theluthi moja. Na ruti iliyobaki na safari mbili kwa wiki ni ruti iliyo mahututi, maana hata yule abiria mwaminifu wa foleni anaanza kuona kwamba Doha inampa siku saba za kuchagua.

Silaumu Air India kwa uamuzi ule. Ningekuwa meneja wao ningekata palepale.

Tukumbuke pia kwamba historia ya ruti hii imejaa wageni waliokuja na kuondoka. Katikati ya miaka ya 2000 Air India ilisimamisha ndege zake Birmingham zikiwa njiani kati ya Amritsar na Toronto, kisha mwaka 2008 ikajitoa. Air Slovakia, shirika dogo la Bratislava, ilijijengea maisha kwa kubeba Wapunjabi wa Birmingham kupitia mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shida nao. Ikafa mwaka 2010. Uzbekistan nayo iliwapitisha Tashkent, Turkmenistan ikawapitisha Ashgabat. Agosti 2013 Air India ilirudi na Dreamliner. Mwaka 2014 Birmingham ikarefusha njia yake ya kurukia kwa zaidi ya mita 400, ikihamisha hata barabara kuu ya A45 ili kupata nafasi, kwa matumaini kwamba safari za mbali zingefuata. Lakini Dreamliner ilikuwa imeshakuja mwaka mmoja kabla lami haijakauka. Urefu wa njia haukuwa kizuizi cha India. Mita hizo ni za manufaa kwa ndege nzito na siku za joto, sikatai, ila haziwezi kumfunga mtu asiondoke.

Halafu kuna anga. Fungua ramani utafute Amritsar. Uwanja wake uko Raja Sansi, kaskazini-magharibi mwa mji, na mpaka wa Pakistan hapo Wagah uko mwendo wa nusu saa kwa gari. Kwa rubani anayeelekea Ulaya, Pakistan ndilo lango la kutokea. Lango likifungwa, ndege iliyopaa ikiitazama Lahore inalazimika kugeuka kusini, ishuke sambamba na mpaka hadi Bahari ya Arabia, ndipo ianze kupanda tena kuelekea magharibi. Delhi nayo inaumia, ila Amritsar inaumia zaidi, kwa sababu faida yake yote ya kijiografia, kuwa mji wa India ulio karibu na Ulaya, inageuka kuwa hasara.

Mwaka 2019 lango lilifungwa Februari, likafunguliwa Julai, na safari ya Birmingham–Amritsar ikarudi Agosti. Aprili 24, 2025, siku mbili baada ya mauaji ya watalii huko Pahalgam, Pakistan ililifunga tena. Mei, mapigano yalipozuka, India yenyewe ilifunga viwanja 32 vya kaskazini na magharibi, Amritsar ukiwamo, kwa siku kadhaa. Reuters iliripoti kwamba Air India iliiandikia serikali ikikadiria hasara ya dola milioni 600 kwa mwaka iwapo marufuku ya anga ingeendelea.

Marufuku hiyo inahusu mashirika ya India peke yake. Qatar Airways, inayotoka Birmingham kwenda Doha na kutoka Doha kwenda Amritsar, haimo. Kwa hiyo ugomvi wa Delhi na Islamabad unamwadhibu Mhindi anayeuza safari ya moja kwa moja na kumwacha Mwarabu anayeuza safari ya kuunganisha. Sijaona kampeni hata moja ya Birmingham inayolitaja jambo hili kwa uzito unaostahili, labda kwa sababu hakuna wa kumwandikia barua.

Manchester ina kisa chake, kifupi zaidi lakini cha aina ileile. Novemba 5, 2018 Jet Airways ya India ilianza safari ya Mumbai. Aprili 17, 2019 Jet Airways ikaacha kuruka kabisa, madeni yameizamisha. Miezi mitano na nusu. Miaka sita baadaye, Julai 1, 2025, IndiGo, shirika jingine la India, ikairudisha Mumbai–Manchester, safari tatu kwa wiki, kwa Dreamliner za 787-9. Magazeti ya Manchester yalishangilia, na yalikuwa na haki. Mchambuzi anatakiwa kuuliza ndege ni za nani, na ndege hizo zilikodiwa kutoka Norse Atlantic ya Norway, pamoja na marubani wake. IndiGo imeagiza ndege 60 za kwake aina ya A350-900, lakini iliona haina sababu ya kuzisubiri kwanza. Ni akili ya biashara: unapima soko kwa ndege ya kukodi, na likikataa unairudisha kwa mwenyewe. Kwa Manchester maana yake ni kwamba ruti imekuja ikiwa na mlango wa kutokea uliokwishafunguliwa. Angalau Manchester ina ukubwa unaoisaidia: abiria zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, njia mbili za kurukia, na biashara ya kutosha kujaza viti vya mbele siku ambazo si za harusi. Birmingham, yenye abiria kama milioni 13, haina mto huo wa kuegemea.

Wote hao wawili wanaishi kwenye kivuli cha Ghuba. Emirates hutua Birmingham mara mbili kwa siku, A380 ikiwamo, na kila A380 inabeba zaidi ya watu 450. Linganisha na 256 wa Air India siku mbili au tatu kwa wiki. Kinachoizuia Emirates isizoe kila kitu ni makubaliano kati ya India na Dubai yanayoweka ukomo wa viti karibu 66,000 kwa wiki kwa kila upande. Emirates imeomba mara nyingi ukomo huo uongezwe. Delhi imekataa, kwa hoja kwamba Wahindi wabebwe na ndege za Wahindi, na kwamba Delhi na Mumbai ziwe vituo vikuu kama Dubai ilivyo.

Nikiwa upande wa serikali ya India naielewa sera hiyo. Upande wa bibi wa Wolverhampton, naiona ina pengo kubwa. Emirates haitui Amritsar, kwa hiyo sera inamlinda bibi dhidi ya mtu ambaye hata hivyo asingemfikisha kwao. Na shirika la nyumbani linalolindwa linataka kumpitisha Delhi, kwa sababu kituo kikuu kinajengwa kwa abiria wa kuunganisha. Safari ya moja kwa moja ya Birmingham–Amritsar inapingana na mpango wenyewe. Kila familia inayotua Raja Sansi bila kukanyaga Delhi ni familia ambayo haikusaidia kuijenga Delhi.

Hapa kuna jambo dogo linalonishangaza. Air India imekuwa chini ya Tata, kundi kubwa la kampuni za India, tangu Januari 2022. Jaguar Land Rover, watengenezaji wa magari, wako chini ya kundi hilohilo tangu 2008, makao yake yako Coventry, na kiwanda chake cha Solihull kiko jirani kabisa na uwanja wa Birmingham. Wahandisi na mameneja wa kampuni hiyo wana kila sababu ya kwenda India. Ikiwa kuna uwanja mmoja wa mkoani Uingereza ambako Tata angeweza kujijazia viti 18 vya mbele kwa kuwaelekeza watu wake mwenyewe, ni huu. Kampuni za kundi moja zina wakurugenzi tofauti na bajeti tofauti, najua, na mtu wa usafiri wa Coventry hununua tiketi inayofaa ratiba yake. Ratiba ya siku mbili kwa wiki haimfai. Tumerudi kwenye tatizo la kwanza: viti vya mbele vinataka safari nyingi, na safari nyingi zinataka viti vya mbele.

Basi halmashauri saba za West Midlands, ambazo kwa pamoja zina asilimia 49 ya uwanja wa Birmingham, zifanye nini? Kinachofanyika kwa kawaida ni punguzo la ada za kutua kwa ruti mpya, kubwa mwaka wa kwanza, dogo wa pili, kisha linakwisha. Mimi naona limepangwa kinyume. Punguzo la mwanzo linamvutia mgeni ambaye angekuja hata hivyo kujaribu bahati, na linakwisha wakati uleule ambapo anaanza kufikiria kuondoka. Ligeuzwe. Mwaka wa kwanza alipe karibu ada kamili, na fedha za kumrudishia ziongezeke kila msimu anaokamilisha safari alizoahidi, nyingi zaidi zikiwa mwaka wa tatu na wa nne. Shirika likikata katikati, linaacha fedha mezani. Hazitafikia dola milioni 75 za Heathrow, lakini meneja wa ratiba angalau atakuwa na namba ya kuandika upande wa hasara, mahali ambapo leo pana sifuri. Mashirika yatalalamika kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu. Ni mgumu kweli, na anayeogopa mwaka wa kwanza ndiye huyohuyo atakayekimbia mwaka wa pili.

Hatua nyingine ni kuacha kuiomba Air India peke yake. Ndege inayoifaa Birmingham si 787. Ni ile nyembamba yenye njia moja ndani ambayo sasa inafika mbali, A321XLR. Airbus inaitaja kwa umbali wa hadi kilomita 8,700. IndiGo imeanza kuipokea, ikiwa na viti 195, na Januari 2026 ikaanza kuipeleka Athens. Viti 195 badala ya 256 vya Air India au 338 vya Dreamliner ya Norse vinamaanisha kwamba familia zilezile zinaweza kujaza safari nne au tano kwa wiki, na ratiba ya siku tano inaanza kumfaa yule wa Coventry. Ndege hiyo ni nafuu kuirusha, na muhimu zaidi kwa hoja yangu, haiko kwenye mashindano na Heathrow kwa kiwango kilekile: mwenye nafasi ya dhahabu Heathrow atataka kuitumia kwa ndege kubwa, na hiyo nyembamba aitafutie kazi kwingine.

Lakini kilomita 8,700 ni za kwenye karatasi. Siku ya Januari, upepo ukiwa usoni, abiria 195 kila mmoja na masanduku yake ya harusi, umbali huo unapungua sana. Anga ya Pakistan ikiwa wazi, kilomita 6,400 za Amritsar–Birmingham zinabaki na nafasi ya kutosha. Ikiwa imefungwa, mzunguko wa kushuka hadi Bahari ya Arabia unaisogeza safari karibu na ukomo wa ndege, na mwendeshaji atalazimika kuacha viti wazi, au kuacha masanduku nyuma, au kutua njiani kuongeza mafuta. Familia ya foleni ile haitakubali masanduku yaachwe. Kwa hiyo, mpaka Islamabad na Delhi zifungue lango, Birmingham–Amritsar inabaki kuhitaji 787, na kila 787 ya India ina mnunuzi mwingine anayesubiri huko Heathrow.